Akiba Haiozi: Chuo cha Pili Kichaguliwe kwa Hesabu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za elimu za sharika na wawakilishi wa wafadhili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia vijana wetu wanaomaliza kidato cha sita na namna wanavyoomba vyuo. Kila mwaka kamati zetu huuliza swali moja: "Kijana amechaguliwa chuo gani?" Kuanzia sasa tunaomba tutangulize swali jingine: "Kama mkopo hautatoka, atasoma wapi, na nani atalipa mpaka mwaka wa mwisho?" Ikiwa mzazi na kijana hawana jibu la swali hilo kabla dirisha la maombi halijafungwa, basi kazi ya kuomba chuo bado hawajaimaliza, hata kama fomu imeshatumwa.

Hali ilivyo

Tangu Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa ada ya kidato cha tano na cha sita. Tunashukuru kwa hilo, maana wapo watoto wengi katika sharika zetu ambao bila hivyo wangeishia njiani. Lakini maana yake nyingine ni kwamba mzazi wa leo, ukiacha sare, nauli na michango midogo midogo, hukutana na gharama kubwa ya kwanza ya masomo mtoto akiwa tayari ni mtu mzima. Gharama hiyo inakuja yote kwa mara moja, na inakuja kwa haraka.

Tazameni kalenda yenyewe. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Wakati huo vijana wengi wako kambini kwa mafunzo ya JKT. Dirisha la mikopo na dirisha la udahili yanakwenda pamoja katika miezi hiyo hiyo, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo familia inabaki na wiki chache za kuamua jambo la miaka mitatu, minne au mitano.

Na uamuzi huo mara nyingi unafanyikia wapi? Unafanyikia steshenari, pale stendi. Kijana anakaa nyuma ya kijana mwenzake mwenye kompyuta, foleni iko mlangoni, na mwenye kompyuta anauliza: "Na chaguo la pili niweke nini?" Kijana anajibu, "Weka yoyote." Tumelisikia neno hilo kwa masikio yetu zaidi ya mara moja. Hiyo "yoyote" ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo.

Utaratibu nao umebadilika, na si wazazi wote wanaojua. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na kila chuo kinatoza ada yake ya maombi. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe chuo kimoja tu ndani ya muda uliowekwa. Hapo tunawaomba wazazi mwe waangalifu sana na namba ya simu inayojazwa kwenye fomu. Ikijazwa namba ya mwenye steshenari, au ya kijana ambaye simu yake imezimwa yuko kambini, ujumbe utafika lakini hautasomwa na anayehusika.

Chuo cha akiba ni chuo gani?

Wahenga walisema akiba haiozi. Chuo cha akiba ni kile ambacho kijana atakwenda endapo la kwanza litashindikana, iwe kwa alama, iwe kwa nafasi, iwe kwa fedha. Ili kistahili jina hilo kinapaswa kupita katika mizani mitatu.

Mizani wa kwanza ni alama. Kwa sifa za chini za kuingia shahada ya kwanza, TCU inataka mhitimu wa kidato cha sita awe na masomo mawili ya ufaulu mkuu yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kozi nyingi hutaka zaidi ya hapo. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, unataka fizikia, kemia na baiolojia zote, zikiwa na jumla ya pointi zisizopungua 6, na kila moja isiwe chini ya D. Lakini kuwa na sifa za chini kunakuingiza kwenye foleni tu, kiti kinagombewa. Kijana mwenye pointi 6 za tahasusi ya PCB akiomba udaktari katika vyuo vitano, hajajiwekea akiba yoyote. Ameomba kitu kile kile mara tano.

Mizani wa pili ni uhalali. Chuo kiwe kimesajiliwa, na kozi yenyewe iwe imeidhinishwa: kwa vyuo vikuu tunaangalia orodha ya TCU, na kwa vyuo vya kati tunaangalia orodha ya NACTVET, ambayo zamani ilijulikana kama NACTE. Msiridhike na jengo zuri au tangazo la redioni. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ikasimamisha kozi moja moja. Wako wazazi waliokuwa wameshauza ng'ombe. Orodha hizo hubadilika, kwa hiyo ziangaliwe mwaka ule ule kijana anapoomba, wala tusitegemee kwamba kaka yake alisoma pale miaka sita iliyopita.

Mizani wa tatu, ambao ndio unaosahaulika, ni fedha. Chuo cha akiba ni kile ambacho familia, pamoja na kile usharika unachoweza kuahidi kwa uhakika, wanaweza kukilipia mpaka mwisho bila mkopo. Kama bila mkopo hakilipiki, basi nacho ni chuo cha kutarajia kama kile cha kwanza.

Tukae tuhesabu

Katika Injili Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu. Nasi tuhesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila familia itaweka za kwake, lakini njia ya kuhesabu ni hii hii.

Kozi nyingi katika vyuo vikuu vya umma zina ada kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.8 kwa mwaka. Tuchukue kozi ya miaka mitatu yenye ada ya shilingi 1,200,000. Mzazi akisikia hivyo anasema, "Tutajitahidi." Lakini kijana atalala wapi? Chumba cha shilingi 50,000 kwa miezi 10 ni 500,000. Chakula cha shilingi 5,000 kwa siku kwa siku 240 ni 1,200,000. Usajili, bima ya afya na michango ya chuo tuseme 200,000. Vitabu na kutoa nakala 200,000. Nauli 200,000. Mafunzo kwa vitendo 300,000. Jumla ni shilingi 3,800,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 11,400,000. Ada, ambayo ndiyo pekee tuliyoiuliza, haifiki theluthi ya gharama yote.

Sasa tuchukue kozi ya miaka mitatu katika chuo binafsi chenye ada ya 2,500,000, gharama nyingine zikiwa zile zile. Inakuwa 5,100,000 kwa mwaka, yaani 15,300,000 kwa miaka mitatu.

Halafu tuchukue chuo cha kati kilichopo wilayani kwetu, kijana akilala nyumbani. Ada 900,000, michango 200,000, nauli na chakula cha mchana 500,000, vitabu 150,000, mafunzo kwa vitendo 150,000. Jumla ni 1,900,000 kwa mwaka. Hata stashahada hiyo ikichukua miaka mitatu ni 5,700,000, nusu kamili ya ile ya chuo kikuu cha umma. Tofauti kubwa hapa imeletwa na kitanda na sahani kuliko ada. Ndiyo maana tunasema unafuu wa chuo haupimwi kwa ada peke yake. Chuo chenye ada ndogo katika mji wenye pango kubwa kinaweza kumshinda mzazi, na chuo chenye ada kubwa kidogo lakini kilicho karibu na nyumbani kwa shangazi kikawezekana.

Mkopo ni msaada, lakini si ahadi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na imewasaidia vijana wengi wa sharika zetu. Hakuna anayesema kijana asiombe. Aombe, tena mapema, na nyaraka zake ziwe tayari tangu akiwa kidato cha tano: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, uthibitisho wa kaya iliyo katika mpango wa TASAF, na uthibitisho wa ufadhili kwa yule aliyesomeshwa na kanisa au shirika. Hilo la mwisho linatuhusu sisi moja kwa moja. Barua hiyo inaandikwa na ofisi zetu, na ikichelewa kwetu, anayeumia ni mtoto.

Hata hivyo mkopo hutolewa kwa kupima uhitaji, na fedha hazitoshi waombaji wote. Mmoja anapata chakula na malazi pamoja na ada yote, mwingine anapata sehemu ya ada, mwingine hapati. Katika chuo binafsi kiasi kinachotolewa kwa ajili ya ada kinaweza kuwa pungufu kabisa ya ada ya chuo, na pengo ni la mzazi. Tukumbuke pia kwamba mkopo ni deni: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Kijana ajue hivyo kabla hajasaini.

Tunatoa mfano mmoja kwa ruhusa ya wazee wa usharika husika. Binti mmoja alimaliza kidato cha sita kwa ufaulu wa kati, akachaguliwa chuo binafsi mbali na nyumbani. Usharika ukafurahi. Jumapili moja ikafanyika harambee, zikanadiwa mikungu ya ndizi, kuku na mbuzi wawili, na fedha iliyopatikana ikatosha ada ya mwaka wa kwanza na kubaki kidogo. Mkopo ulipotoka ulikuwa wa sehemu tu. Mwaka wa pili usharika ulikuwa unaezeka kanisa la mtaa na haukuweza kurudia harambee. Binti akazuiwa kufanya mitihani kwa sababu ya deni la ada, akarudi nyumbani. Alikuwa na akili ya kutosha kabisa kumaliza masomo yale. Fedha ya harambee ile, kama ingegawanywa tofauti, ingemfikisha mbali katika stashahada ya chuo cha wilaya jirani ambacho kilikuwa kinadahili mwaka ule ule. Hakuna aliyekuwa amekiandika kwenye fomu.

Stashahada ni ngazi

Tunajua manung'uniko yaliyopo. Mtu anauliza: mtoto amefika kidato cha sita, arudi akasome stashahada pamoja na wa kidato cha nne? Wengine wanaona kwamba kuandaa chaguo la pili ni kukosa imani. Ndugu zetu, mkulima anayebakiza mbegu ghalani hajakosa imani na mvua.

Tena ngazi ipo na inapandika. Mwenye stashahada ya wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 3.0, na mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, anatambuliwa kuwa na sifa za chini za kuomba shahada. Anapofika huko ana ujuzi mkononi, na pengine ana kazi inayomsaidia kujilipia. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Serikali ilianza pia kutoa mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mwongozo wa Bodi usomwe kila mwaka kuona fani zilizomo.

Ipo pia njia ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani. Mwanafunzi anasoma akiwa nyumbani au kazini na analipa kwa kadiri ya masomo anayojiandikisha. Kwa aliyekosa sifa za moja kwa moja kuna kozi ya msingi ya kumwandaa. Njia hii inataka mtu mwenye nidhamu, na haimfai kila kijana, lakini ipo na iingizwe kwenye mazungumzo. Vivyo hivyo vyuo vya VETA: fundi umeme mzuri hakosi mkate.

Tahadhari mbili

La kwanza: chaguo la akiba lisigeuzwe kuwa chaguo la kwanza kwa sababu ya woga. Kijana wa maskini mwenye alama nzuri ana mazoea ya kujishusha mwenyewe kabla hajashushwa na mtu. Ana pointi 13, lakini anaomba kile alichosikia jirani yake amesoma. Kamati isimwache afanye hivyo. Aombe kozi kubwa inayolingana na alama zake, tena kwenye chuo cha umma ambako ada ni nafuu na mkopo unaweza kufika mbali zaidi. Akiba ni sakafu ya kumzuia asianguke, na kila nyumba yenye sakafu inaendelea kwenda juu.

La pili linahusu mabinti. Tumeona katika baadhi ya familia kwamba hesabu ya unafuu inapigwa kwa binti tu. Kaka anapelekwa chuo kikuu kwa mkopo na kwa kuuza shamba, dada mwenye alama bora kuliko zake anaambiwa chuo cha karibu kinamtosha. Hilo si tunalolisema hapa. Karatasi ya hesabu iwe ile ile kwa mtoto wa kiume na wa kike, na kamati ina haki ya kuuliza pale inapoona mizani imeinama.

Tunachoomba

Kwa kamati za elimu za sharika tunaomba mambo manne.

Kwanza, mkutano na wazazi wa vijana wa kidato cha sita ufanyike mwezi wa pili au wa tatu, kabla ya mtihani, wakati akili bado zimetulia na kijana hajaenda kambini. Walimu na watumishi wa umma waliostaafu, ambao wamo katika kila usharika, wawasaidie vijana kusoma mwongozo wa udahili.

Pili, fomu ya kuomba msaada wa mfuko wa elimu iwe na machaguo matatu, kila moja na gharama ya miaka yote: chuo anachokitamani, chuo anachokitegemea, na chuo cha akiba kinacholipika bila mkopo. Fomu yenye chaguo moja irudishwe kwa upole ikakamilishwe.

Tatu, usharika uahidi miaka yote au uahidi kiasi kidogo kila mwaka, badala ya kumaliza nguvu zote katika Jumapili moja. Shilingi 600,000 kwa miaka mitatu mfululizo inamfaa kijana kuliko 1,800,000 ya mwaka mmoja, kwa sababu mzazi anaweza kupanga akijua itakuja.

Nne, pale steshenari kijana asiende peke yake. Aende na mzazi au mjumbe mmoja, na machaguo yawe yameshaandikwa kwenye karatasi mfukoni.

Kwa ndugu zetu wafadhili ombi letu ni moja. Mikataba mingi ya ufadhili inataja mwanafunzi wa chuo kikuu tu. Kijana akienda stashahada, hata kwa busara, msaada unakoma, na hivyo sisi wenyewe tunamsukuma achague chuo asichokiweza ili asipoteze ufadhili. Tunaomba masharti yafuate kijana na mpango wake, siyo jina la cheti. Na taarifa mnazotudai zisihesabu walioingia vyuoni peke yao, zihesabu waliomaliza. Tuko tayari kupimwa kwa kipimo hicho.

Ofisi ya miradi itazipatia kamati zote karatasi ya hesabu tuliyoitumia leo, na tutafika katika kila jimbo kuifanyia mazoezi pamoja na wazazi. Tunaomba kila usharika ututumie orodha ya vijana wake walio kidato cha tano na cha sita kabla ya mwisho wa robo hii.

 Sasa tunakaribisha maswali.